Shaaban Robert na Haki ya Kusikilizwa

Yapo maswali ambayo mtoto wa shule humwuliza mzazi wake jioni, na mzazi asiwe na jibu la haraka. Mojawapo ni hili: Serikali ni nani, imewekwa na nani, na mtu wa kawaida ana sauti gani ndani yake? Swali hili laweza kujibiwa kwa kuhesabu vyeo na vifungu vya Katiba, lakini orodha ya namna hiyo husahauliwa upesi. Leo twapenda kulijibu kwa njia ya maisha ya mtu mmoja, ambaye nchi nzima yamjua kwa mashairi na hadithi zake, ila ni wachache wamfikiriao kuwa shahidi wa jinsi nchi yetu ilivyopata Bunge na kura. Mtu huyo ni Shaaban Robert wa Tanga.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, karibu na Machui, upande wa kusini wa mji wa Tanga. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Mkuu wa nchi alikuwa Gavana aliyeletwa kutoka Ulaya; chini yake walikuwa mabwana wa wilaya, na chini ya hao, katika pwani yetu, walikuwa maliwali na maakida. Katika ngazi hiyo yote hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewekwa kwa kura ya wenyeji. Mtoto huyo alipokuwa na umri wa miaka 5, Novemba 1914, majeshi ya Waingereza yalishuka Tanga yakafukuzwa. Mwaka 1916 yalirudi yakautwaa mji. Baada ya vita Shirika la Mataifa liliikabidhi Tanganyika mikononi mwa Uingereza. Hivyo nchi ilibadili bwana, lakini wenyeji hawakuulizwa neno, wala na aliyeondoka wala na aliyeingia.

Shaaban Robert alipelekwa shule Dar es Salaam, akasoma huko tangu mwaka 1922 mpaka 1926. Katika mtihani wa mwisho alikuwa wa pili miongoni mwa wanafunzi kumi na mmoja. Hatuna budi kuifikiri hesabu hiyo kidogo. Kijana aliyepata cheti katika siku zile alikuwa mtu wa nadra, na mlango uliokuwa wazi mbele yake ulikuwa mmoja: ukarani wa Serikali. Akaupita. Mwaka huo huo wa 1926 akaandikwa kazi katika Idara ya Forodha, akaanza utumishi wake Pangani, mahali mto ule mkubwa unapomwaga maji yake baharini.

Yafaa msomaji aushike vema mwaka huo, kwa sababu ndio mwaka ambao Tanganyika ilipata Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Jina lake lilikuwa kubwa, lakini tazameni muundo wake. Gavana mwenyewe ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Wajumbe wengi walikuwa maofisa wa Serikali, ambao hawakuweza kupiga kura dhidi ya mkubwa wao. Pamoja nao waliketi wajumbe wachache wasio maofisa, Wazungu na Wahindi, nao wote waliteuliwa na Gavana. Mwafrika hakuwamo. Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia mwaka 1945 tu, nao pia kwa kuteuliwa. Kwa muda wa miaka karibu ishirini sheria zote za nchi hii zilijadiliwa bila sauti ya walio wengi.

Sasa mtazameni karani wetu mezani pake Pangani. Kazi ya forodha ni kukagua shehena, kuandika, na kutoza ushuru. Nguo iliyoshushwa kutoka jahazini, mafuta ya taa, chuma, sukari, kila kimoja kilikuwa na ushuru wake, na ushuru huo mwishowe ulilipwa na mnunuzi wa kijijini. Fedha hiyo ilikwenda katika hazina ya Serikali, na matumizi yake yaliamuliwa katika Baraza ambalo mnunuzi yule hakuwa na mjumbe wake. Hapa ndipo penye kiini cha jambo tunalolieleza. Mataifa mengi yaliyopata bunge yalianza na swali hili hili: ikiwa fedha ni ya watu, je, yaweza kuchukuliwa na kutumiwa bila idhini yao? Mpaka leo kazi kubwa kabisa ya Bunge lo lote, pamoja na kutunga sheria, ni kuikubali au kuikataa bajeti ya Serikali. Shaaban Robert alikaa katika idara ile miaka kumi na minane, akiuona ushuru unavyoingia, naye asiwe na njia ya kuuliza unakwenda wapi.

Mwaka 1944 alihamishiwa Idara ya Wanyama wa Pori, akakaa bara, Mpwapwa. Mwaka 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na tangu mwaka 1952 akafanya kazi katika Idara ya Upimaji wa Ardhi, papo hapo Tanga, mpaka utumishi wake ulipokwisha katika miaka ya mwisho ya utawala wa Kiingereza. Alifiwa na mke wake Amina, akalea watoto, akaishi kwa mshahara wa karani. Mchana alinakili barua za watu wengine. Baada ya kazi aliandika mambo yake mwenyewe. Vitabu vyake vingi vilizaliwa katika saa hizo za jioni, na vingine havikupigwa chapa ila baada ya kufa kwake. Katika maisha yake alipata tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi wake, na nishani ya M.B.E. kutoka kwa Serikali ya Kiingereza.

Katika vitabu hivyo, kimoja chahusu hasa jambo letu la leo. Nacho ni Kusadikika, kilichopigwa chapa mwaka 1951. Ni hadithi ya nchi ya kubuni iliyo angani. Nchi hiyo haikupungukiwa na vyeo: ilikuwa na mfalme, mawaziri, madiwani na baraza la hukumu. Kijana mmoja aitwaye Karama alishtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Alipopewa nafasi ya kujitetea, hakujisemea mwenyewe. Kwa siku sita alisimulia habari za wajumbe sita ambao Kusadikika ilikuwa imewatuma mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini wakatafute mambo ya manufaa kwa nchi. Kila mmoja alirudi, baada ya mashaka makubwa, na habari njema za mabadiliko yaliyofaa. Kila mmoja alitiwa kifungoni kwa ajili ya habari hizo. Mwisho wa maneno yake Karama aliachiliwa, na wale wajumbe wakafunguliwa.

Kitabu hiki kilisomwa shuleni na vizazi vingi, na watoto wengi walikiona kuwa ngano tu. Sisi twaona kuwa ni somo la uraia lililoandikwa na mtu aliyeijua Serikali kutoka chini ya meza yake. Fundisho lake ni kwamba nchi yaweza kuwa na vyeo vyote vya utawala, ikawa na majengo na mihuri na mavazi ya heshima, na bado ikakosa kitu kimoja kinachoufanya utawala uwe wa haki: ruhusa ya mtu aliye chini kuijua sheria, na kusikilizwa na walio juu bila kuadhibiwa. Wajumbe sita hawakushindwa kwa sababu habari zao zilikuwa mbaya. Walishindwa kwa sababu waliowatuma hawakulazimika kuwasikiliza. Waziri Majivuno hakuogopa kukosa cheo chake kwa uamuzi wa watu, maana hao hawakumpa cheo hicho.

Nje ya hadithi, mwandishi mwenyewe alikuwa katika hali ngumu. Mwaka 1953 Serikali ya kikoloni ilitoa waraka uliowakataza watumishi wake Waafrika kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kikaundwa, na katazo hilo likakigusa nacho. Watu waliokuwa wamesoma zaidi, makarani, waalimu na waganga wa Serikali, wakawa ndio waliofungwa mdomo. Ilimpasa kila mmoja wao kuchagua kati ya mkate wa watoto wake na sauti yake katika mambo ya nchi. Wapo walioacha kazi, nasi twawaheshimu sana. Shaaban Robert alibaki kazini, wala hatuoni sababu ya kumlaumu mwenye nyumba na watoto. Alifanya yale yaliyoruhusiwa. Aliketi katika baraza la mji wa Tanga, na katika kamati zilizoshughulikia lugha ya Kiswahili na uchapishaji wa vitabu vya Afrika ya Mashariki. Zaidi ya hayo, aliendelea kuandika.

Wakati huo kura zilikuwa njiani. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Tanganyika iligawanywa katika majimbo kumi ya uchaguzi, Tanga likiwa mojawapo, na kila jimbo lilitakiwa kutoa wajumbe watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Tena ilikuwa sharti kila mpiga kura apige kura tatu, moja kwa kila kabila la watu. Aliyepiga moja tu karatasi yake iliharibika. Waafrika walikuwa mamilioni na wageni maelfu tu, lakini viti viligawanywa sawa. Wengi katika TANU walitaka kuususa uchaguzi huo. Katika mkutano mkuu wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Julius Nyerere aliwashawishi waukubali, na mwishowe wagombea waliokuwa wa TANU au walioungwa mkono nayo ndio walioshinda.

Lakini nani aliruhusiwa kupiga kura? Ilimpasa mtu awe ametimiza miaka 21, na awe amefika darasa la nane, au awe na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, au awe na cheo fulani kilichotajwa. Katika nchi yenye watu karibu milioni 9, walioandikishwa hawakufika 60,000. Mkata mkonge wa mashamba ya Tanga, mvuvi wa Pangani, mkulima wa milima ya Usambara, karibu wote walibaki nje ya mlango.

Uchaguzi uliofuata, Agosti 1960, ulileta badiliko ambalo twaomba wasomaji wetu walitazame kwa makini. Masharti yalilegezwa. Mapato yaliyotakiwa yalipunguzwa kuwa paundi 75, na badala ya darasa la nane ilitosha mtu kujua kusoma na kuandika Kiingereza au Kiswahili. Walioandikishwa wakafika karibu 885,000. Mtu aliyekuwa hajui hata neno moja la Kiingereza, ila alijifunza kusoma Kiswahili katika shule ya kijiji, au ya misheni, au kwa kufundishwa na jirani yake, sasa alikuwa na haki ya kumchagua mbunge. Lugha ambayo karani wa Tanga aliitumikia maisha yake yote, ambayo baadhi ya wasomi wa wakati ule waliidharau mbele ya Kiingereza, ikawa ufunguo wa sanduku la kura. Hatusemi kwamba yeye ndiye aliyeiandika sheria ile. Twasema kwamba mtu anayewapa watu wake vitabu vya kusoma huwatayarisha kwa haki ambazo yeye mwenyewe hakuzaliwa nazo.

Katika uchaguzi huo viti vilikuwa 71, navyo TANU ilivipata 70. Hata hivyo, katika majimbo 58 hapakuwa na mpinzani, na hivyo watu wa huko waliokuwa na haki mpya ya kura hawakupata nafasi ya kuitumia. Jambo hilo halikuonekana kuwa kubwa katika furaha ya siku zile, lakini mwenye kupenda historia yafaa alikumbuke.

Hapo ndipo Tanganyika ilipoanza kutawaliwa kwa mtindo wa serikali ya kibunge, nao ni rahisi kueleza. Wananchi huchagua wabunge, kila jimbo mtu wake. Kiongozi wa chama chenye wabunge wengi huitwa kuunda Serikali. Yeye huchagua mawaziri kutoka kati ya wabunge, na wote pamoja hubaki madarakani muda wote ambao Bunge lina imani nao. Wakipoteza imani hiyo, hawana budi kuondoka. Mkuu wa nchi katika mtindo huu huwa na heshima kubwa na madaraka machache. Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Kiongozi mwezi Septemba 1960, akawa Waziri Mkuu mwezi Mei 1961, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru. Malkia wa Uingereza alibaki kuwa mkuu wa nchi kwa jina, akiwakilishwa na Gavana Mkuu. Mwezi Januari 1962 Nyerere alijiuzulu ili akijenge chama, na Rashidi Kawawa akashika mahali pake.

Shaaban Robert aliyaona hayo yote. Alizaliwa chini ya Gavana wa Kijerumani, akafanya kazi chini ya magavana wa Kiingereza, na mwaka wa mwisho wa maisha yake aliishi chini ya Waziri Mkuu aliyetoka katika Bunge lililochaguliwa. Alifariki dunia mwezi Juni 1962, mwenye umri wa miaka 53, akazikwa Machui, karibu na alikozaliwa. Miezi sita baadaye, tarehe 9 Desemba 1962, Tanganyika ikawa Jamhuri. Rais wa kwanza, aliyekuwa amechaguliwa kwa kura za wananchi wote mwezi Novemba, alisimama mbele ya Bunge akalihutubia kwa Kiswahili. Mtu aliyeistahili zaidi saa hiyo hakuwapo kuisikia.

Tangu hapo muundo wa Serikali umebadilika mara kadhaa. Mwaka 1965 nchi ilifuata mfumo wa chama kimoja. Mwaka 1992 vyama vingi viliruhusiwa tena, na mwaka 1995 ukafanywa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu kuungana na Zanzibar. Siku hizi Rais huchaguliwa moja kwa moja na wananchi kwa muda wa miaka mitano, wala haruhusiwi kuchaguliwa zaidi ya mara mbili. Yeye ndiye mkuu wa nchi na mkuu wa Serikali pia. Humteua Waziri Mkuu kutoka kati ya wabunge wa majimbo, lakini uteuzi huo sharti uthibitishwe na Bunge kwa kura za wabunge walio wengi. Mawaziri wengine nao hutoka miongoni mwa wabunge. Bungeni huketi wabunge wa majimbo, wanawake wa viti maalumu wasiopungua asilimia 30 ya wabunge wengine wote, wajumbe watano wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na wengine wasiozidi kumi wanaoteuliwa na Rais. Sharti la mapato na la kisomo limeondoka kabisa: kila raia aliyetimiza miaka 18 na kuandikishwa ana kura yake, sawa na ya mwingine ye yote.

Basi mtoto akiuliza Serikali ni nani, mzazi aweza kumjibu hayo tuliyoyaandika. Lakini tusiishie katika vyeo, maana Kusadikika nayo ilikuwa na vyeo. Mbunge ni mjumbe, kama wale sita wa hadithi. Twamtuma akatafute yaliyo mema kwa nchi, akaseme shida zetu, akaihoji bajeti, akarudi atueleze aliyoyapata. Tukimtuma kisha tusimwulize, tumemwacha peke yake na akina Majivuno. Naye akirudi na habari ngumu, tena za kweli, kisha tukamzomea kwa sababu hatuzipendi, kosa si la Serikali peke yake. Ni letu sisi tuliomtuma.

Twawashauri wazazi wetu wafanye mambo mawili. La kwanza, kitabu kile kidogo cha mwaka 1951 kisomwe tena nyumbani kwa sauti, mkubwa akimsomea mdogo, kisha watoto waulizwe ni nani alikuwa na haki na kwa nini. La pili, kila aliyefikisha umri aandikishwe mapema, apige kura kwa siri na kwa dhamiri, na baada ya hapo amfahamu mbunge wake kwa jina, ajue anakopatikana, na amwendee kwa adabu anapokuwa na neno la kusema. Karani wa Pangani aliutoza ushuru miaka kumi na minane bila kuwa na mtu wa kumwuliza unakwenda wapi. Sisi tunaye wa kumwuliza.